Fuso la Maharage Hadi Biharamulo

Mliniuliza kwenye kundi letu la simu, "Mzee Eva," mnavyolifupisha jina langu la kiume, "vipi, ndiyo umerudi kwenye malori?" Nikawajibu kwa alama ya dole gumba kwa sababu sikujua nianzie wapi. Neema akaweka vikatuni vya kucheka, Ladislaus akaandika "funguka mzee," kisha kundi likanyamaza kama linavyonyamaza siku hizi. Sasa nimekaa mezani kwangu hapa Murukulazo, mvua inanyesha juu ya bati, chai ninayo, na muda ninao kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima ya Ngara. Nitawaeleza safari yote. Asiye na subira aruke hadi mwisho, ila nitamjua.

Nyinyi mlinijua nikiwa dereva wa shirika, mtu wa Land Cruiser nyeupe, wa kuwapeleka kambini kwa wakimbizi asubuhi na kuwarudisha jioni mkiwa mmechoka na bado mnabishana. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa malori. Niliendesha barabara ya Dar hadi Rusumo miaka mingi, mpaka Skola, marehemu mke wangu, aliponiambia amechoka kuolewa na vumbi. Ndipo nikaja kwenu. Skola alipofariki mlikuja wote kuzika, hilo sitalisahau. Mtoto hatukujaliwa. Halafu shirika nalo likafunga ofisi, tukarudisha funguo, tukapiga picha ya pamoja pale getini, kila mtu akashika njia yake. Ladislaus akaenda Dodoma, Neema akarudi kwao Moshi, wengine sijui hata mko wapi. Mimi nikabaki na nyumba. Tangu hapo nikiamka kitu cha kwanza nawasha redio. Si kwamba nataka habari. Nataka tu kuwe na mtu anaongea humu ndani.

Kwa hiyo Masanja aliponipigia simu, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Masanja ni tajiri wa magari wa Kahama. Tulianza udereva pamoja. Yeye akanunua lori, mimi nikaoa. Alikuwa anatafuta dereva mtu mzima wa semitrela zake za kwenda Kigali, lakini alitaka kwanza auone mkono wangu, maana ni zamani. Nichukue Fuso lake pale Benaco, nipeleke mzigo wa maharage Biharamulo mjini. Nikifika salama, semitrela ni yangu.

Nikamuuliza utingo wangu atakuwa nani.

"Siku hizi hatuweki utingo," akasema. "Kuna mtambo ndani ya gari. Unatuonyesha uko wapi muda wote. Hutakuwa peke yako."

Nilifurahi, jamani. Nilidhani najua ninakorudi.

Murukulazo hadi Ngara mjini

Philbert wa bodaboda alinifuata asubuhi na mapema, ukungu bado umelala mabondeni. Nikafunga mlango, nikatia funguo mfukoni, halafu nikajikuta nimesimama barazani. Philbert akadhani nimesahau kitu. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nasubiri, kwa mazoea tu, maana mtu akisafiri huwa kuna wa kumwambia safari njema. Nikamwambia twende.

"Unaenda wapi na begi, mzee?"

"Kazini."

Alifurahi kuliko mimi. Alipiga honi mpaka kwenye lami, akiwaambia watu wa njiani kwa Kihangaza kwamba mzee amepata kazi, na mimi nyuma yake nimeshika begi nikiona haya kama bwana harusi. Mlima wa Ngara mjini mnaujua, na baridi yake ya asubuhi mnaijua. Nikavaa lile koti langu la shirika, lenye nembo kifuani. Kosa langu likawa hapo.

Pale stendi nilikaa kwa mama mmoja muuza chapati nikisubiri Noah ya abiria ijae. Alinitazama koti, akanitazama uso, akaniongezea chapati nyingine ambayo sikuagiza.

"Shikamoo baba. Kumbe mmerudi?"

"Marahaba. Nani karudi?"

"Shirika."

Nikamwambia shirika halijarudi, koti tu ndilo lililobaki. Akatikisa kichwa na kutabasamu, kama mtu anayeelewa kwamba mambo ya ofisi hayasemwi hadharani. Kabla sijamaliza chai alikuwa amemwita shoga yake, na shoga yake akamwita shemeji yake, na wote walikuwa na binti au kijana anayejua kompyuta, anayejua kufagia, anayejua Kirundi. Mzee mmoja akaniomba niandike jina la mjukuu wake kiganjani nisije nikasahau. Kadiri nilivyokataa, ndivyo walivyoamini. Noah ilipoita abiria wa mwisho nilikimbia. Ndani ya gari nikalivua koti, nikaligeuza ndani nje, nikalivaa tena hivyo hivyo na mishono yake inaonekana. Nilicheka peke yangu, halafu sikucheka tena, kwa sababu wale watu walikuwa wanangoja kitu kile kile ninachokingoja mimi.

Ngara hadi Benaco

Benaco ni ile ile njia panda ya Kasulo, vumbi jekundu, malori yamepangana pande zote mbili. Fuso nililikuta kwenye ghala, wabeba mizigo wakimalizia kupakia. Wakulima wa Kasulo walikuwa bado wanaleta maharage kwa baiskeli, gunia moja moja, wakisukuma kwa kuinama. Nilikula ndizi za kupika na maharage kibandani, nikaona ni haki, kuonja mzigo wangu kabla sijaubeba.

Nikapanda. Wenzangu, nilikuwa na hofu mkono utakuwa umesahau. Haukusahau. Nikawasha, nikasikiliza injini, nikakagua breki, nikatazama vioo, na mwili wenyewe ukajipanga kwenye kiti bila kuniuliza. Kwa dakika chache nilikuwa kijana. Nikageuka kushoto nimwambie utingo afunge mlango vizuri. Kiti kilikuwa kitupu.

Simu ikaita.

"Shikamoo mzee. Naongea na dereva wa Fuso?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Zawadi, niko ofisini Kahama. Nimeona umewasha gari lakini halitembei."

"Nalisalimia kwanza, mwanangu."

Hakucheka. Akanieleza taratibu: gari likisimama muda mrefu mahali pasipo kituo, mtambo unamwandikia, naye atanipigia kuuliza sababu. Ni kwa usalama wangu. Nikamwambia sawa, nikaondoka.

Benaco hadi msituni

Barabara ile sasa hivi inatengenezwa vipande vipande, kwa hiyo ni kusimamishwa, kupishana upande mmoja, kusimamishwa tena. Mimi sikulalamika. Nilikuwa nangojea kufika mahali fulani.

Hamkuwepo enzi hizo, ngoja niwaeleze. Zamani msitu ule ulikuwa na majambazi wenye bunduki. Lori halikuruhusiwa kupita peke yake. Tulipangwa foleni kando ya barabara tukawasubiri polisi wa kutusindikiza, na kusubiri kwenyewe kungeweza kumaliza mchana mzima. Tuliogopa, nisiwadanganye. Lakini tulikuwa wengi. Wahaya, Wachaga, Wasomali, Warundi, watu wa Tanga wenye maneno yao, wote tumekaa kwenye mabenchi ya Mama Sesilia, mpishi wa pale, tukila supu ya makongoro na kutaniana. Mmoja akiumwa, mwingine anamwendea dawa. Nilijua majina ya watoto wa madereva ambao sikuwahi kufika kwao. Hapo ndipo nilipokuwa narudi, kama mlitaka kujua. Si kwenye usukani.

Majambazi wameisha, Mungu ashukuriwe. Na foleni imeisha. Nilipofika pale nikakuta duka la paneli za jua na kijana wa watu amekaa nje anachaji simu.

"Yule mama mpishi alihamia wapi?"

"Mama gani?"

"Mama Sesilia. Alikuwa hapa hapa, na mabenchi."

"Mimi nimepakuta hivi hivi, mzee. Unahitaji taa?"

Malori yalikuwa yanapita mfululizo, kila moja na dereva wake mmoja mbele, vioo vimefungwa. Nilimpungia mkono mmoja, akanimulikia taa akidhani namwonya kuna trafiki mbele. Nilikaa kwenye jiwe pale mpaka simu ikaita.

"Mzee, naona umesimama. Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nilikuwa namtafuta mtu."

"Umempata?"

"Hapana."

"Pole," akasema, kisha akaniomba niendelee na safari.

Sasa niwaambie jambo ambalo mtanicheka, na mkicheka ni sawa. Ile "pole" ndiyo iliyokuwa neno la kwanza jema nililoambiwa tangu Philbert aniache stendi. Nilipoingia ndani kabisa ya msitu, miti pande zote, hakuna nyumba, hakuna hata mbuzi, nikapaki kando, nikazima injini, nikaiweka simu juu ya dashibodi. Nikangoja. Ikaita.

"Mzee, kuna nini tena?"

"Naangalia matairi."

Mbele kidogo nikasimama tena. Nikasema nachimba dawa. Mara nyingine nikasema nanunua parachichi, na huko hakukuwa na mtu wa kuuza hata kuni. Zawadi akaniuliza kama tumbo langu liko sawa, kama nimekula asubuhi, kama natumia dawa yoyote ya presha. Nikamjibu yote kwa kirefu. Nilikuwa nasimamisha gari la watu lenye mzigo wa watu ili simu iite, mimi, mtu mzima mwenye mvi. Niliona aibu, na nikasimama tena.

Kilimani, kabla ya Nyakahura

Kama vile gari lilinisikia, likaamua lisimame lenyewe. Tulikuwa tumetoka msituni, mashamba ya kwanza ya upande wa Biharamulo yameanza, muhogo na mahindi mpaka ukingoni mwa barabara, nikiwa napanda kilima taratibu. Nikasikia mlio nyuma, gari likalala upande. Springi za nyuma zilikuwa zimekatika.

Nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikachukua panga chini ya kiti. Mnajua desturi ya madereva: gari likiharibika, unaweka majani barabarani mbele na nyuma, kwa umbali, ili anayekuja apunguze mwendo. Hakuna dereva anayejiuliza majani ni ya nani. Kwa dereva kila jani la kando ya barabara ni la barabara. Nikaona miche mizuri, majani marefu kama panga, imekaa mstari. Mstari kabisa. Mtu mwenye akili angejiuliza mimea ya porini ilianza lini kujipanga. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, nikaona hata panga la nini, nikaing'oa na mizizi yake, nikaitandaza barabarani. Malori mawili matatu yakapita juu yake, ikawa mboga.

Zawadi akapiga. Nikamwambia springi zimekatika.

"Mzee," akasema, na sauti ilikuwa nyingine. "Leo umesimama mara nyingi sana. Sasa springi, tena karibu na kijiji. Nimeshakutana na madereva wa namna hiyo. Maharage yako salama?"

Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa sababu sikuwa na la kujitetea. Ningemwambia nini, kwamba nilisimama nikimngojea yeye? Nikapiga picha ya springi, nikapiga ya turubai jinsi lilivyofungwa, nikamtumia. Baada ya muda akajibu kwa maandishi kwamba fundi atatoka Lusahunga kesho yake, na kwamba nisiliache gari.

Hapo ndipo alipotokea mzee mmoja mwembamba, kofia ya sufu kichwani, rozari shingoni, ameshika mkononi mche uliosagika.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe mtu wa gali, umeng'oa mpaka wangu."

Nikatazama. Kweli, upande mmoja muhogo, upande wa pili mahindi, na katikati mashimo niliyoyaacha. Mimi mtoto wa Murukulazo, niliyezaliwa kwenye nchi ambayo watu huzikana kwa ajili ya hatua mbili za shamba, nimeng'oa mpaka wa watu nikautandika barabarani. Nikaomba radhi, nikasema nitaupanda tena mwenyewe sasa hivi.

"Hupandi mwenyewe," akasema Mzee Bernado, ndilo jina lake. "Ungekuwa ukuta, ungejenga. Mpaka ni mpaka wa wawili. Wa upande huu anashika, wa upande ule anashika, mtu wa tatu anashindilia udongo. Nitamwita yule."

Lakini hakumwita. Alibaki amesimama, akitazama nyumba ya jirani iliyo umbali wa sauti tu. Mwishowe akasema, "Nenda wewe ukamwite. Mimi na yeye hatuongei."

Yule alikuwa Mama Minza, mama wa Kisukuma, mjane, aliyekuja na mumewe na ng'ombe wao kutoka Shinyanga zamani. Nilimkuta zizini. Nikamsalimia kwa Kisukuma kidogo nilichookota kwenye malori, "Mwangaluka, mayu," na ilikuwa jioni, kwa hiyo nilimpa habari za asubuhi. Akacheka sana, na alipomaliza kucheka nikamweleza. Akaacha kucheka.

"Mpaka ule tumeupanda juzi tu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji," akasema. "Ng'ombe wangu walikula muhogo wake, akanitukania marehemu. Tangu siku hiyo sijampa salamu. Haya, twende, baba, umetuletea kazi."

Tukapanda. Mzee Bernado alileta miche mipya kutoka nyumbani kwake. Walishika kila mche pamoja, mikono yao minne kwenye shina moja, na mimi nimepiga magoti nashindilia udongo. Wote wawili wananitazama mimi.

"Mwambie ashike chini zaidi," akasema mzee.

"Mama, anasema ushike chini zaidi."

"Mwambie nimesikia. Na umwambie huu unaingia kwangu."

"Mzee, anasema huu..."

"Nimesikia. Mwambie hauingii kwake, macho yake ndiyo yameingia kwangu."

Tulikwenda hivyo mstari mzima, mkalimani kati ya watu wawili wanaoongea Kiswahili kimoja. Walipomaliza kila mmoja akashika njia yake bila neno. Kabla jua halijazama Mzee Bernado akaniletea sahani ya ugali wa muhogo na maharage. Sijanawa, Mama Minza naye akaja na ugali wa mahindi na kibuyu cha maziwa mgando. Wakanitazama, kila mmoja kutoka upande wake wa mpaka. Nikaelewa kwamba nisipomaliza cha mmoja nitakuwa nimetoa hukumu ya kesi. Nilikula vyote. Nililala kwenye kiti cha gari nimeegama, maana kujikunja kwa shibe ile hakukuwezekana.

Asubuhi Mzee Bernado alikuja kwenye dirisha la gari kabla hata sijanawa uso.

"Yule, ng'ombe wake hawajatoka mpaka saa hizi. Huwa wanatoka kabla ya jua. Kapite umwone."

Nikapita. Mama Minza alikuwa mzima, alikuwa anahangaika ndama asimfie mkononi, yaani ng'ombe mmoja alikuwa amezaa na ndama ni dhaifu. Kabla sijasema nimetumwa na nani akaniuliza, "Mzee leo sijamsikia akikohoa. Huwa anakohoa akifungua mlango. Yuko salama?"

Nikasema yuko salama. Nikarudi, nikamwambia mzee kwamba mama yuko salama, kuna ndama. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake shambani. Nami nikakaa kwenye ngazi ya Fuso, na nawaambieni ukweli, nililia. Wale wawili wana ugomvi, na ndani ya ugomvi wao kila mmoja anajua mwenzake amefungua mlango saa ngapi. Mimi nikichelewa kufungua mlango wangu hapa Murukulazo, hakuna mtu wa kunichukia kiasi cha kugundua.

Nyakahura hadi Lusahunga

Fundi alifika mchana, akafunga springi mpya huku akinisimulia mambo ya mpira. Alipoondoa mkono kwenye nati ya mwisho nilitamani kuwe na nati nyingine. Niliwaaga wote wawili, kila mmoja kwake. Kilima kilipoisha nikatazama kwenye kioo. Hawakuwa wamesimama barabarani kunipungia wala nini, walikuwa na kazi zao.

Lusahunga nilishuka kula. Nyama choma, ndizi, pilipili ya kutosha. Karibu yangu alikaa dereva wa semitrela, umri kama wangu, waya za simu masikioni. Nikamkaribisha. Akatoa waya moja, kwa heshima tu. Nikamwambia nafikiria kurudi kwenye malori.

"Rudi," akasema bila kusita. "Siku hizi kazi ni nzuri. Hakuna foleni, hakuna majambazi, hakuna utingo wa kukuibia mafuta. Unaweza kwenda Dar na kurudi hujasumbuliwa na mtu yeyote."

"Mtu yeyote?"

"Hata mmoja," akasema, akafurahi kwamba nimeelewa, akarudisha waya sikioni.

Nilimaliza nyama yangu. Zawadi hakupiga, kwa sababu Lusahunga ni kituo halali.

Lusahunga hadi Biharamulo

Kipande hiki cha mwisho sina mengi ya kusimulia. Niliendesha vizuri. Gari lilikwenda laini, jua liko nyuma yangu, ng'ombe walivuka na nikawasubiri, mvua ndogo ikapita. Sikusimama mahali popote kwa makusudi. Baada ya aibu ya zile springi sikutaka Zawadi anifikirie vibaya zaidi.

Masanja alikuwa ananingoja ghalani Biharamulo mjini, amenenepa, amevaa miwani. Alizunguka gari, akagonga turubai, akatazama springi, akanikumbatia. Alisema madereva wake wengi wangeliacha gari kule kilimani waende kulala gesti. Kazi ni yangu, semitrela mpya kabisa, safari ya kwanza wiki ijayo. Nikamshukuru. Nilikuwa nimekipata nilichokifuata, na moyo ulikuwa umetulia kabisa, kimya.

Akampigia Zawadi aniingize kwenye orodha ya madereva wa Kigali, kisha akanipa simu.

"Mzee, hongera," akasema Zawadi. "Na unisamehe kwa yale ya jana. Bosi ameniambia."

"Yameisha, mwanangu."

"Kimebaki kitu kimoja tu. Naomba jina na namba ya mtu wako wa karibu. Likitokea la kutokea njiani, nimpigie nani?"

Ni swali la kawaida. Kwenu ofisini niliwahi kuulizwa, nikataja Skola bila kufikiri. Sasa nikaanza kuwapitia watu kichwani. Kaka yangu yuko Uganda, namba yake haipatikani siku nyingi. Paroko ana parokia nzima. Philbert wa bodaboda ni mtu mwema, lakini akipigiwa atauliza, mzee yupi, maana wazee anaowabeba ni wengi. Masanja alikuwa ananitazama. Wabeba mizigo walikuwa wanashusha maharage, wakipita kati yetu na magunia mabegani.

"Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Taja hata jirani."

"Siwezi kukuweka wewe?"

Alicheka kidogo, halafu akaacha, nadhani aliposikia kwamba mimi sicheki.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "mimi ndiye nitakayepiga."

Nikamwambia anipe siku chache nimtafute mtu huyo. Masanja akaniambia niandike yeyote tu, hata jina la uongo, ni utaratibu wa ofisi, wengi wanafanya hivyo. Sikuweza. Nikapanda basi, nikarudi nyumbani.

Murukulazo

Ndiyo safari yenyewe. Mliniuliza kama nimerudi kwenye malori, na jibu langu ni kwamba nataka kurudi. Sijidanganyi tena kwamba kule kuna watu. Wa foleni ile hawapo, na Mama Sesilia hayupo. Lakini mikono yangu inajua kazi ile, na kuendesha mchana kutwa nikiwa peke yangu ni afadhali kuliko kukaa mchana kutwa nikiwa peke yangu. Naweza kubeba upweke wa barabarani. Nisichoweza ni kuacha ile nafasi kwa Zawadi ikiwa wazi.

Kwa hiyo nawaomba, na ndiyo maana nimeandika kirefu hivi, maana kwenye kundi ningeonekana natania. Sitaki mchango, sitaki kutafutiwa kazi nyingine, wala msinitafutie mke. Nataka mmoja wenu aniruhusu nitaje jina lake. Neema, au Ladislaus, au wewe ambaye hujaandika kitu tangu siku ya ile picha. Hutadaiwa lolote. Ila siku moja, huenda isifike kabisa, simu yako itaita kwa namba ngeni kutoka Kahama, na dada mmoja atakutajia jina langu kamili. Naomba siku hiyo usimwambie amekosea namba.